Kalenda ya Nsimire Iliyokataa Kulia

Asubuhi, watu wa ofisini wanapojazana kwenye stesheni ya St Marys, pembeni mwa Sydney, kungoja treni ya mjini, kuna mwanamke mmoja anayeshuka wakati wao wanapanda. Mfupi, mkoba mkubwa begani, macho mekundu ya kukesha. Huyo ni Nsimire. Ukimjua, msalimie, lakini usimsimamishe kwa hadithi ndefu: usiku kucha amekuwa akigeuza wazee kitandani, na anachokitaka ni mto wake.

Ukimhitaji kwa jambo la hospitali, hapo ni tofauti. Hapo hata usingizi atauacha. Kwao Walungu, upande wa Bukavu, mgonjwa hapelekwi hospitali na mtu mwenye haraka. Mnatoka kabla ya jua, mmebeba chakula na kanga ya kukalia, mnarudi giza limeingia. Anayesema "nitakusindikiza, lakini nina saa moja tu" huyo amehesabiwa hakuja. Nsimire alivuka na desturi hiyo mpaka Uganda kambini, akavuka nayo tena mpaka Sydney. Wanawake wa kanisani, Wakongo, Warundi, hata Wakenya, humpigia simu. Apondi alipokuwa anakaribia kujifungua, mumewe akiwa safarini, aliyekaa naye tangu asubuhi mpaka mtoto akalia alikuwa Nsimire. Zile njia za ndani za hospitali za Westmead, ambazo wengine huzunguka na ramani mkononi, yeye anazipita kama anakwenda jikoni kwake.

Sasa ndugu zangu, mtu kama huyo, mke aliyesindikiza nusu ya kanisa, alimkosesha mumewe mwenyewe miadi ya macho. Si mara moja. Mara mbili.

Mumewe anaitwa Murhula. Alikuwa dereva wa foklifti, gari la kuinulia mizigo, kwenye ghala moja hapo hapo St Marys, na alikuwa dereva hasa, wa kuingiza meno ya foklifti chini ya mzigo bila kugusa ubao. Kisha mtoto wa jicho akaanza kumfunika, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia. Siku aliyodhani mtu ni nguzo, akakanyaga breki kwa bahati tu, alishuka mwenyewe, akamkabidhi msimamizi ufunguo, akarudi nyumbani kwa miguu akifuata uzio. Tangu hapo yupo jikoni. Anapika vizuri, ila siku moja moja chai huwa na chumvi.

Mara ya kwanza Nsimire alisahau, basi, na hakujitetea. Mfanyakazi wa shifti ya usiku anaingia Jumanne anatoka Jumatano. Kwake leo na jana hulala kitanda kimoja. Binti yao Honorine, anayesoma Wollongong, akaja mwisho wa wiki, akachukua simu ya mama yake, akaifungua kalenda.

"Mama, andika kila kitu humu. It'll remind you."

"Itanikumbusha namna gani?"

"It just does, Mum. It's default."

Akaondoka. Nsimire hakujua hiyo difolti ni mtu gani, lakini alimwamini. Akaandika humo kila kitu: ibada, misiba, kliniki za watu, na miadi mipya ya Murhula. Siku ilipofika simu haikusema neno. Nsimire alilala, Murhula alikaa sebuleni akidhani ni siku nyingine, na kule Westmead jina lake likaitwa watu wakatazamana.

Kuna atakayeuliza, hao wa kliniki hawatumi ujumbe? Wanatuma, kwenye simu ya Murhula. Naye Murhula haoni herufi. Kila kinacholia anakifuta akidhani ni matangazo ya pizza.

Baada ya hapo ikaja barua. Miadi ya tatu ilipangwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Akiikosa na hiyo, jina linatolewa kwenye foleni, na itambidi aanze upya kwa daktari wa mtaani, angoje tena kama walivyongoja mwanzo. Na walipoanza kungoja, Murhula alikuwa bado anaona nyuso za watu.

Nsimire aliisoma kwa sauti. Murhula akasikiliza, akasema taratibu, "Mama Honorine, kama umechoka na mimi, sema tu. Usijifiche nyuma ya simu."

Alisema kama utani. Nsimire hakucheka.

Jumapili baada ya ibada akamtafuta Gakii. Gakii ni Mmeru, hupanga mishahara ya watu kwenye ofisi moja Parramatta, na kanisani ndiye anayepelekewa simu zote zinazougua.

"Dada Gakii, hii simu iko na kichwa nguvu. Mi naandika, yenyewe inanyamaza."

"Lete tuone, mama. Simu hainishindi."

Wakakaa nje kwenye benchi. Gakii akaangalia sauti: iko juu. Akaangalia kama kalenda imeruhusiwa kutoa arifa: imeruhusiwa. Akaangalia kama simu inabana betri na kuzilaza programu: hapana. Akaandika jambo la majaribio, "Chai ya Gakii", robo saa mbele. Wakangoja wakila mandazi ya akina mama. Simu ikalia ting, safi kabisa, na Nsimire akaruka.

"Umeona? Iko sawa. Shida ni kwamba imewekwa ikukumbushe dakika kumi kabla. Dakika kumi! Kutoka hapa mpaka Westmead, labda uwe na helikopta." Akaingia kwenye mipangilio, pale penye ukumbusho wa kawaida, ule unaojiweka wenyewe kwenye kila jambo jipya, akabadilisha: siku moja kabla. "Nimekuandikia jambo la majaribio la keshokutwa, Jumanne jioni. Kesho jioni italia. Ikikataa, nipigie."

"Aksanti sana. Mungu akubariki."

"Na ile ya Papa Honorine umeiandika?"

"Iko. Niliandika siku ile ile barua ilifika."

Gakii akaifungua ile Jumanne ya miadi, ya wiki ya pili, akaona kwa macho yake pameandikwa: *Murhula macho saa mbili na nusu*. Akaridhika, akarudisha simu.

Jumatatu jioni, Nsimire akivaa sare ya kazi, simu ikalia. *Salimia Gakii*. Akamsalimia, na vigelegele juu.

Lakini Alhamisi alitakiwa kumpeleka bibi mmoja Mrundi, Mama Irambona, mazoezi ya goti, saa nane mchana. Aliandika mwenyewe kwenye kalenda ile ile, simu ile ile. Jumatano nzima akangoja ting. Hakuna. Akajisemea labda inachelewa kidogo, nayo ni mgeni. Alhamisi alipoamka, jua lilishavuka upande wa pili wa nyumba, na Mama Irambona alishapiga mpaka akachoka.

Hapo Nsimire alichanganyikiwa hasa. Akiandika Gakii, inalia. Akiandika yeye, inanyamaza.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shemasi Lazare alisema simu ya mtumba hubeba tabia za mwenyewe wa kwanza, na huenda huyo wa kwanza alikuwa mvivu. Mama Irambona, ambaye goti lilimuuma mara mbili, alisema simu haina kosa, mtu ndiye mwenye kosa. Murhula, huku anamenya viazi kwa kupapasa, akasema, "Inatii Wakenya. Iandikie kwa lafudhi ya Meru." Kisha akaongeza kwamba labda Kiingereza ndicho kinachoisumbua, kwa nini wasiiweke Kifaransa, lugha waliyosomea? Nsimire akaiweka Kifaransa. Simu ikanyamaza kwa Kifaransa.

Alianza hata kujiogopa mwenyewe. Usiku kazini, akiwa amemaliza kumfunika mzee mmoja, alisimama mlangoni akajiuliza kama kweli aliandika, au aliota kwamba ameandika. Akaitoa simu mfukoni. Lipo. *Murhula macho saa mbili na nusu.* Limekaa hapo juu ya siku yake, kwenye kijistari cha kijani, halisemi kitu.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku chache, Gakii akaja nyumbani mwenyewe. Alikuwa ameudhika, kwa sababu alishajigamba kwamba simu haimshindi. Murhula akaweka chai mezani. Gakii akaonja kwanza, akahakikisha ni sukari.

"Leo hakuna mtu kutoka hapa," akasema. "Na kwanza, nani ameweka hiki Kifaransa?"

"Ni mimi," akasema Murhula. "Nilikuwa naipa heshima."

Gakii akairudisha kama ilivyokuwa. Akaandika jambo lake moja, dakika chache mbele, na ukumbusho wa papo hapo. Ting.

"Sasa wewe, mama. Andika kama unavyoandika siku zote. Mimi sisemi kitu, nakutazama tu."

Nsimire akavaa miwani. Akabonyeza alama ya kujumlisha. Akaandika, herufi moja moja, *Mama Irambona goti saa nane*. Kisha kidole gumba kikapanda juu kidogo, kikasukuma kitufe, kitufe kikawa kijani, akahifadhi.

"Ngoja, ngoja, ngoja. Hapo umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hapo! Hicho kitufe."

"Hicho? Iko inauliza kama ni siku nzima. Mi najibu ndiyo."

"Kwa nini unajibu ndiyo?"

Nsimire akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Dada, ni hospitali."

"Lakini apointimenti ni nusu saa!"

"Nusu saa ni ya daktari. Na mimi? Namwamsha mgonjwa, namvalisha, tunapanda treni, tunangoja, anatoka na njaa, namrudisha kwake, napika, nakaa kidogo nione kama hatapiki. Hiyo ni nusu saa ya nani?"

"Ai, mama..."

"Na harusi? Harusi ya mtoto wa Mushagalusa niliandika nini? Siku nzima. Ulitoka pale saa ngapi wewe mwenyewe?"

Murhula akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Gakii naye alicheka, lakini tayari macho yake yalikuwa kwenye simu. Akaanza kurudi nyuma siku moja moja, wiki moja moja, akifungua kila alichoandika Nsimire. Kliniki ya Apondi: siku nzima. Msiba wa Villawood: siku nzima. Meno ya mtoto wa Révérien: siku nzima. Na Jumanne: siku nzima.

"Mama, sikia. Ukiweka siku nzima, simu haijui saa. Kwake hiyo Jumanne ni kama Krismasi. Inajua Krismasi ipo, haijui inaanza saa ngapi."

"Lakini saa nimeandika. Si hii? Saa mbili na nusu."

"Hayo ni maneno tu, kama jina la mtu. Haiyasomi."

"Haiyasomi?" Nsimire akaichukua simu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Na wanasema iko na akili."

"Basi hayo ya siku nzima inayakumbusha lini?" akauliza Murhula. Na hilo, jamani, ndilo swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu mwanzo.

Gakii akarudi kwenye mipangilio. Mstari wa kwanza ulikuwa ule aliobadilisha Jumapili: mambo yenye saa, siku moja kabla. Akasukuma ukurasa juu kidogo. Chini yake kulikuwa na mstari wa pili, ambao ile siku ya benchi hakuufikia: mambo ya siku nzima. Ukumbusho wake ulikuwa umepangwa tangu simu inunuliwe: siku hiyo hiyo, saa tatu kamili asubuhi.

Nsimire akaufuata mstari ule kwa kidole.

"Saa tatu asubuhi," Nsimire akasema polepole, "mi nimekufa."

Ni kweli. Saa tatu asubuhi ndiyo kwanza usingizi umemkamata, na simu ameilaza kimya kwa mkono wake mwenyewe, maana asipofanya hivyo kanisa zima litampigia. Akiamka alasiri anakuta ujumbe umerundikana, wa kwaya, wa kikundi cha Bukavu, wa matangazo, na bila kuvaa miwani anavuta kidole kimoja kuufuta wote.

"Kwa hiyo ilikuwa inakumbusha?"

"Ilikuwa inakumbusha, mama. Kila mara. Wewe hukuwepo."

"Na mimi," akasema Murhula, "saa tatu daktari ameshaita mtu mwingine na wa baada yake."

Gakii aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Ule mstari ningeuona Jumapili. Niliishia pale nilipopajua."

"Hakuna pole. Kunywa chai. Sasa tunafanyaje?"

Gakii akafungua ile Jumanne, akakizima kitufe cha siku nzima, akaweka saa mbili na nusu asubuhi. Kalenda yenyewe ikajaza mwisho: saa tatu na nusu. Kale kastari kakawa kisanduku kidogo, chembamba, kama kiberiti, katikati ya siku tupu.

Nsimire akakitazama. Hakupenda. "Saa moja? Nimempa mume wangu saa moja?"

"Ni ya kuonyesha tu."

"Mtu akiona humu atasema nini?"

"Nani ataona, Mama Honorine?" akauliza Murhula. "Mimi?"

"Mi naona."

Basi Gakii akamwonyesha jinsi ya kuushika ukingo wa chini wa kisanduku na kuuvuta. Nsimire akavuta mwenyewe, kwa kidole, ukapita saa sita, ukapita alasiri, akauachia saa kumi na mbili jioni. Siku ikajaa rangi. Akapumua. "Hapo sawa. Hapo ni hospitali."

"Na mwanzo iko nayo," akasema Gakii. "Simu itajua pa kuanzia kulia. Siku moja kabla."

Murhula alikuwa anahesabu kwa vidole. Mtu aliyezoea kupanga mizigo hawezi kuacha kupanga. "Siku moja kabla ya saa mbili na nusu asubuhi," akasema, "si ni saa mbili na nusu asubuhi? Jumatatu saa hiyo yeye ndiyo anavua viatu. Anaweka simu kimya, analala. Tumerudi kule kule."

Gakii akaichukua tena simu.

Hapo ikawa kelele. Gakii anasema masaa kumi na mbili kabla, Nsimire anasema hapo nitakuwa naoga, Murhula anasema bora mchana, Nsimire anasema mchana wangu au wako? Mwisho wakakubaliana masaa kumi na tano kabla, yaani Jumatatu saa kumi na moja na nusu jioni, Nsimire ameshaamka, ameshakula, miwani ipo usoni. Wakaweka na nyingine, masaa mawili kabla, ya kuwaamsha. Na ule mstari wa pili Gakii akaubadilisha pia, ukumbusho wa siku nzima uje jioni ya kuamkia, kwa sababu harusi zitakuja tena na Nsimire hatazipa masaa mawili. Kisha Nsimire akampigia Jacky, Mkenya wanayefanya kazi pamoja, akamwomba amshikie usiku wa Jumatatu. Jacky akakubali kabla hajamaliza kuomba, aliwahi kusindikizwa.

Jumatatu jioni Nsimire alikaa mezani, simu mbele yake, kama mtu anayengoja maji yachemke. Murhula alikaa upande wa pili. Saa ilipofika ikasema ting. Hawakushangilia. Nsimire alisimama tu, akaenda kupiga pasi shati la mumewe.

Asubuhi simu ililia, wakiwa tayari wamevaa. Ikalia tena kwa sababu Honorine naye, alipopewa habari, alikuwa ametuma mwaliko wake wa kalenda kutoka Wollongong. Ikalia na ya tatu, Gakii akipiga kuuliza kama imelia.

"Sasa hata maiti ataamka," akasema Murhula, akitafuta kofia.

Walifika kliniki mapema mpaka karani akawaambia wakae, bado hajafungua mashine. Wakakaa. Ilipofika saa yake muuguzi akatoka na jalada, akalikwamia jina kidogo, akalitamka vibaya, na Murhula akasimama kwa haraka kiasi cha kugonga kiti cha mbele. Nsimire akamshika kiwiko, wakaingia pamoja.

Walimpima, wakamtia matone ya kupanua mboni, wakamwangaza ndani kwa taa. Daktari akasema macho yote mawili yanafaa kufanyiwa upasuaji, la kushoto kwanza, akataja tarehe, mwezi ujao. Nsimire akaitoa simu pale pale, akaanza kuandika herufi moja moja huku daktari akingoja kwa adabu.

"Umezima kile kitufe?" akanong'ona Murhula.

"Nimezima."

"Una hakika?"

"Wewe funga macho, dawa ifanye kazi."

Walitoka nje. Kwa yale matone mboni za Murhula zilikuwa zimefunguka pana kama za paka gizani, na jua la Westmead lilikuwa jeupe, linapiga vioo vya majengo na kurudi. Kwa mwaka mzima dunia yake ilikuwa ya ukungu, ya chai ya maziwa. Sasa mwanga ulimwingia wote kwa mara moja, akasimama, machozi yakimtiririka, mkono umeinuliwa usoni.

"Inauma?" akauliza Nsimire.

"Inauma. Ngoja, usinivute."

Nsimire akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akataka kumfunika macho mpaka kwenye treni. Murhula akakikataa. Kwenye behewa alichagua kiti cha dirishani, upande wa jua, akakaa hapo huku anapepesa na kufuta mashavu kwa mkono wa shati, na mkewe akimtajia stesheni moja baada ya nyingine mpaka St Marys.